Mikono ya Plastiki

Asubuhi ile niliondoka Chuno bila mpango wowote. Nilikunywa chai ya rangi na kipande cha muhogo, nikaosha kikombe, nikaliona begi lenye gari la rimoti limeegemea ukuta, nikalivaa mgongoni. Dada wa fundi niliyekuwa nakaa kwake alikuwa anafagia uwanja.

"Unalipeleka wapi hilo?" akauliza.

"Natembea tu, dada."

"Wewe kila siku unatembea tu. Kama miguu ingekuwa inajenga, ungekuwa na ghorofa."

Akaendelea kufagia, nami nikapita pembeni ya vumbi lake. Barazani fundi, kaka yake, alikuwa amekaa kwenye meza ya kazi tangu kulipokucha. Simu ya mteja ilikuwa imefunguliwa mbele yake, kioo cha kukuzia amekibana kwenye jicho la kulia, bisibisi iko hewani, na hakuna anachofanya. Sikumuaga. Nilikuwa nimechoka kumwangalia akiitafuta skurubu ambayo mimi naiona.

Jicho lake la kushoto lilikuwa limeshakwenda. Sukari ilipasua mishipa ya ndani, damu ikalijaza, akaamka siku moja upande huo kumekuwa giza. Daktari alimwambia la kulia nalo linaelekea hukohuko, angojee zamu ya kwenda kutibiwa Dar es Salaam, na asitegemee makubwa. Fundi alinieleza hayo jioni hiyohiyo kwa sauti ya mtu anayeeleza ubovu wa redio. Halafu akasema jambo moja tu analolitaka kabla ya hilo la pili kufunga: kuliendesha gari lake mara moja zaidi kwenye mchanga wa chini, upande ambako mto Ruvuma unaingia baharini, akiliona kwa jicho lake mwenyewe mpaka kona ya mbali. Na gari lilikuwa bovu mbele.

Niseme jinsi nilivyofika kwake. Mimi nilikulia upande wa Masasi na shule niliiachia darasa la sita. Sikufukuzwa; nilichoka kukaa mahali pamoja na kuangalia ubao mmoja. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kufuata barabara na kusimama penye kitu nisichokijua. Siku nilipopita Chuno nilimkuta anachomelea waya mwembamba kuliko unywele, nikasimama kuangalia. Aliponiona bado nimesimama jua lilipogeuka, akanisogezea kigoda. Nikakaa. Ikawa chumba cha nyuma, ikawa chakula, na yeye akawa ananiita mdogo wangu ingawa hatuna hata kabila moja.

Gari lenyewe aliachiwa na mzungu mmoja aliyekuja na kazi za gesi na kuondoka kazi zilipopungua. Kwa asiyelijua: ni refu kama kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole, lakini limejengwa kama gari kubwa la mashindano. Kila tairi la mbele limeshikwa na mkono, kipande bapa kinachopanda na kushuka kwenye pini. Juu ya mkono imesimama shokapu yenye mafuta ndani na springi nje. Mikono yote miwili inashikwa na kipande kimoja kinene tulichokiita kifua. Tairi likipanda tuta, mkono unapanda nalo, shokapu inameza kishindo, gari linabaki chini. Kwenye mbio kila kitu kinaanzia hapo mbele.

Fundi alikuwa mtu wa alumini. Mikono ya mbele aliyoikuta ilikuwa ya plastiki. Aliing'oa mapema akafunga ya alumini, kwa sababu alumini haipindi. Ukikata usukani tairi linaelekea palepale ulipolielekeza, hata mwendo ukiwa mkali. Plastiki inalegea kidogo kwenye kona, gari linakwenda kama mtu mwenye mawazo mengine. Lakini ukigonga, plastiki inapinda na kurudi, wakati alumini haipokei kitu. Kishindo chote inakisukuma nyuma kwenye kifua, na kifua ni cha plastiki, kinapasuka.

Nilimwuliza mwanzoni, mbona usifunge vya kulegea ukaepuka gharama?

"Plastiki ni ya watu wanaogonga," alinijibu. "Mimi sigongi."

Na kweli hakuwa anagonga. Niliwahi kumwona anapitisha gari katikati ya matofali mawili akiwa amesimama mbali kiasi kwamba mimi nilikuwa naona vumbi tu.

Si kwamba hakuwa anakosea. Mafuta ya shokapu yalipotuishia aliamua kutumia mafuta ya maganda ya korosho. Alizaliwa katika nyumba ya wakulima wa korosho. Kwao mafuta hayo mazito meusi hupakwa kwenye mbao ili wadudu wasile, akaona uzito wake unafaa. Siku ya kwanza gari lilitulia kama limelazwa. Baadaye mipira ya ndani ikavimba, shokapu zikakwama, na mimi niliyezifungua ngozi ya vidole ikaungua kwa mafuta hayo, ikabanduka. Alicheka mpaka akashika meza. "Sasa unaweza hata kuiba," akasema, "alama za vidole huna."

Mara ya mwisho tulipokwenda kwenye mchanga aligonga kisiki cha mnazi. Kisiki hicho kilisimama peke yake mahali peupe, mtu yeyote angekiona. Gari lilikwenda moja kwa moja bila hata kujaribu kukata. Kifua kikapasuka, mkono mmoja ukapinda kwenye tundu la pini. Rafiki yetu wa bandarini, ambaye pia ana gari kama hilo, aliinama akaanza kuokota vipande bila kusema neno. Fundi akasema jua lilimpiga machoni. Jua lilikuwa mgongoni mwake.

Basi nilikuwa njiani na begi, sina ninakokwenda. Kwenye njia panda lori lililobeba magunia matupu lilikuwa limesimama, dereva ananunua sigara.

"Unapanda au unaangalia?" akaniuliza.

"Unakwenda wapi?"

"Nanyamba. Msimu ndio huu, korosho hazijileti zenyewe."

Nikapanda juu ya magunia. Tulipokwisha kuuacha mji ndipo nilipokumbuka kwamba Nanyamba yuko mtu mwenye gari la aina ileile, limekufa mota, na kwamba huenda sehemu ya mbele bado ni nzima. Sitadai kwamba nilikuwa nimelifikiria hilo tangu mwanzo.

Mtu huyo ana duka la kutengeneza mashine za kupulizia dawa ya salfa kwenye mikorosho. Ukiingia tu koo linakuwasha. Yeye ni Myao na fundi ni Mmakonde, na hao kwetu ni watani. Asiye na mtani huenda hajui: mtani wako ana ruhusa ya kukutukana mbele ya wakwe zako, kukunyang'anya kofia, kucheka kwenye msiba wako, na wewe huna haki ya kukasirika. Hawa wawili walikuwa wanapigiana simu karibu kila wiki, na sijawahi kusikia mmoja akimsalimu mwenzake kwa heshima.

"Mtoto wa barabara!" akaniita aliponiona. "Huyo mchonga vinyago wako hajafa tu?"

"Hajafa."

"Anatuchelewesha. Sanda nimeshanunua, panya wanaanza kuitafuna."

Nikamweleza habari ya kisiki na kifua. Habari ya jicho la kushoto alikuwa nayo; ya la pili sikuisema. Haikuwa yangu kuisema. Akaenda nyuma akarudi na gari lake bovu limefungwa kwenye mfuko wa salfa, akalifungua juu ya kaunta, akaanza kutoa vitu kimoja kimoja. Kifua kilikuwa kizima. Kulikuwa na mikono ya alumini ya rangi ya dhahabu, mipya, ambayo hakuwahi kuifunga. Kulikuwa na ile ya plastiki iliyokuja na gari, nyeusi iliyogeuka kijivu, imejaa mikwaruzo. Na springi za aina mbili: za bluu ambazo ni ngumu, na nyeupe ambazo ukizibonyeza kwa kidole gumba zinalala.

Niliichukua mikono nikaipima mmoja baada ya mwingine. Ya alumini nilijaribu kuikunja kwa nguvu zangu zote, haikupinda hata kidogo. Ya plastiki niliipinda mpaka nikaogopa, nikaiachia, ikarudi ilivyokuwa. Nikaweka jicho kwenye matundu ya pini kuona kama yamepanuka. Yalikuwa yamepanuka kidogo, yangevumilika. Nilitaka kuchukua vyote, lakini yule bwana akasema hapana, mbali na kifua chagueni aina moja ya mikono na springi; zinazobaki anazifunga kwenye gari lake, maana na yeye ana mpango wa kupata mota na kifua kingine.

Tukampigia fundi. Bwana yule akaweka simu kwenye sauti ya nje, juu ya kaunta, katikati ya vyuma.

"Wewe Myao, bado unapumua?" Sauti ya fundi ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Napumua, nasubiri nikuzike. Nimekutafutia shimo fupi, miguu itabaki nje."

"Utatosha wewe humo. Huyo mtembezi yuko kwako?"

"Yuko hapa ananusa vitu vyangu kama mbwa wa forodha. Sikiliza. Kifua unapata. Mikono nina alumini mipya, rangi ya dhahabu, kama meno ya babu yako."

"Babu yangu alikufa na meno yake yote. Wewe unayo mangapi?"

"Ya kukung'ata wewe yanatosha. Nifunge alumini na springi za bluu, siyo? Najua mambo yako."

Tulisikia pikipiki ikipita mbele ya baraza yake kule Chuno, ikaishia mbali.

"Ile ya plastiki unayo?" akauliza.

"Ipo. Imechakaa. Ya nini?"

"Nipe hiyo. Na springi nyeupe."

Yule bwana alikuwa ameshafungua mdomo. Nilimwona, tusi lilikuwa limeshafika kwenye meno. Alikuwa na kila sababu, maana kwa miaka yote fundi ndiye aliyemcheka yeye kwa kutumia plastiki. Akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia kaunta. Akaufunga mdomo.

"Sawa, ndugu yangu," akasema.

"Umesemaje?" fundi akauliza.

"Nimesema sawa."

"Umeniita nani?"

"Aa, mstari unakatika huku."

"Mbona hunitukani?"

"Nitakutukana ukija."

"Nitukane sasa hivi."

Bwana yule alishika mkono mmoja wa plastiki akaugeuzageuza. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Nilitamani aseme chochote, kuhusu sanda, kuhusu mama yake, chochote.

"Umekula?" akauliza.

Simu ikakatwa kutoka upande wa pili.

Alinifungia vile vipande kwenye gari la fundi mwenyewe kwa mikono yake, hapohapo kwenye kaunta, na mteja aliyekuja na mashine yake ya salfa alimwambia arudi baadaye. Alipaka pini grisi. Alijaza mafuta shokapu polepole, akiondoa mapovu, akazivalisha springi nyeupe. Akasukuma gari chini kwa kiganja, likalala, likainuka bila haraka. Hakusema kitu zaidi ya "shika hapa" na "achia." Nilipotaka kuondoka aliniuliza, bila kuniangalia, "Lini limeanza hilo la pili?"

"Wanasema tangu zamani. Lakini limezidi sasa."

"Ningejua," akasema, na hakumaliza.

Fundi alinipigia nikiwa bado nimesimama nje ya duka. Hakutaja mazungumzo yale. Aliniambia nisirudi Chuno, niteremke moja kwa moja pwani, na yule wa bandarini atamleta kesho yake kwa pikipiki. "Usiende pale pa kisiki," akasema. "Nenda mbele zaidi, karibu na mto. Tafuta mahali ambapo hakuna kitu kabisa. Umenielewa? Mchanga na maji tu."

"Nimekuelewa, kaka."

"Na mikono ikoje?"

"Inapinda vizuri. Inarudi."

"Haya."

Nilipata bodaboda wa kunishusha. Tulipita mikorosho mpaka ikaisha, ardhi ikashuka, hewa ikaanza kuwa na chumvi. Karibu na mto watu ni wachache na wana macho makali. Kwenye mlango wa kijiji kimoja walinzi wa kijiji, wazee wawili na fimbo zao, walitusimamisha wakataka begi lifunguliwe. Walipoona betri, nyaya na rimoti yenye antena walirudi nyuma wote wawili kwa pamoja. Dereva wangu naye akarudi nyuma, akasema hanifahamu. Sikuwalaumu. Huku mbele ng'ambo ya mto vita vimesikika, na nyaya katika begi la mgeni si jambo la kuchekea.

"Ni gari la kuchezea, baba," nikasema.

"Mtu mzima na gari la kuchezea?"

"Kweli tupu."

"Liendeshe tuone. Nenda nalo kule, mbali na sisi."

Nikaliweka barabarani. Mimi si dereva. Nilikata usukani kinyume, gari likatugeukia kwa kasi likapiga mzizi wa mti kwa pembe ya mbele. Ulikuwa mlio wa kuumiza. Nikalikimbilia, nikalipindua. Mkono wa plastiki ulikuwa na alama nyeupe mahali ulipopinda, basi. Kifua kizima. Pini iko sawa. Mlinzi mmoja alisogea akaligusa tairi kwa ncha ya fimbo, akasema kwa masikitiko, "Hili ndilo limetufanya tukimbie," na wakatuachia.

Nilifika mwisho wa barabara alasiri. Sikuwahi kufika mahali pale. Kulikuwa na nyumba chache za udongo, mikoko, mabwawa ya chumvi yaliyoachwa, na baada ya hapo mchanga ulioachwa na maji, mpana, wa kijivu, hauna hata gamba la kombe juu yake. Ng'ambo ilionekana mistari ya miti ya Msumbiji. Nilitembea huku na huku nikipiga kisigino chini. Mchanga ulikuwa mgumu. Hapakuwa na kitu cha kugonga upande wowote. Nilifurahi, naomba niamini, nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu, nikapanda kichuguu ambacho wenyeji husimama juu yake kupata mtandao, nikampigia.

Alipokea dada yake.

"Limejaa," akasema. Nikajua papo hapo anasema nini, lakini nikamwuliza hata hivyo. "La kulia. Mchana alikuwa amejilaza, ameamka anasema kuna kitu chekundu kinashuka kama pazia. Sasa haoni kitu. Haoni hata mkono wangu. Tunangoja gari la kumpeleka hospitali, hataki kuondoka barazani."

"Nipe niongee naye."

Ilichukua muda. Kisha nikasikia pumzi yake.

"Mchanga ukoje?" akauliza.

"Mzuri, kaka."

"Mgumu?"

"Mgumu. Kweupe kabisa. Kaka, wanasema hospitali—"

"Liwashe."

Nikashuka kwenye kichuguu, mtandao ukawa unakwenda na kurudi. Nikaliweka gari chini, simu nimeibana kati ya sikio na bega. Nikalipeleka mbele kwa mwendo wa kati, nikalikata taratibu, nikalirudisha. Sehemu ya mbele ilikuwa inaelea juu ya mawimbi madogo ya mchanga, tairi zinapanda na kushuka, mgongo wa gari umetulia tu. Sikuwahi kuliona linakwenda vizuri namna ile.

"Unalisikia?" nikauliza.

"Sisikii kitu. Ni upepo tu."

Nikalisogeza karibu, likanizunguka miguuni.

"Sasa je?"

"Upepo," akasema. "Zima, utamaliza betri."

Nikazima.

"Usilirudishe huku nyumbani," akasema. "Sitaki kuwa nalishikashika kama mtu anayechagua maembe. Kaa nalo huko au nenda nalo unakokwenda. Wewe si mtembezi?"

"Nitakuja hospitali kesho."

"Uje kufanya nini? Kunisimulia dari?" Alijaribu kucheka. "Yule Myao amepiga mara mbili tangu mchana. Anauliza nimekula nini. Hebu mwambie aache. Mwambie mimi bado ni mtani wake."

Mtandao ukaondoka. Nilipanda tena kichuguu, nikapiga, simu yake ikawa imezimwa. Nikampigia yule bwana wa Nanyamba nikampa ujumbe kama ulivyo. Akasema, "Ningeweza ningemtukana," na akakata.

Maji yalikuwa yameanza kurudi. Niliokota gari, nikakung'uta mchanga kwenye pini, nikaenda kwenye nyumba iliyokuwa na moshi. Mama mmoja alikuwa anakaanga samaki wadogo nje. Nilimsalimu, nikamwuliza kama kuna mahali pa kulala mgeni. Akanionyesha kwa kijiko safu ya vyumba vya udongo nyuma ya nyumba yake. Zamani, alisema, vilikuwa vinajaa watu wa kuvuka mto kufanya biashara; sasa hawavuki, popo ndio wapangaji.

"Hilo la mwanao?" akauliza akiangalia gari.

"La kaka yangu."

"Atakuja kulichukua?"

"Hapana, mama."

Aliepua kikaango, akafuta mikono kwenye kanga, akatangulia. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba na dirisha dogo lililozibwa kwa gunia. Alinionyesha jinsi mlango unavyoinuliwa kidogo ndipo ufunge, akasema maji ya kuoga yapo kwenye pipa, yana chumvi lakini ndiyo yaliyopo.

"Unakaa siku ngapi?"

Nikamwambia sijui. Akasema basi angalau nile kabla samaki hawajapoa.